Kikohozi cha Mtoni

Jumatatu, 3 Machi
Kufyatua matofali tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Udongo hadi masikioni. Jioni nimeshuka mtoni kuoga, uchi, kama tunavyooga kwetu Turkana. Suruali ya kazi ni moja, siwezi kuilowesha. Hapa Marani anayekuja mtoni hukohoa akiwa bado migombani. Nikisikia, nazama hadi shingoni. Wanawake wanachota, wananisalimu, wanaenda. Desturi nzuri.

Jumatano, 5 Machi
Kuna mwanamume anawaonyesha wanawake uchi wake pale mtoni. Jana wasichana wawili walikimbia, wakaacha mitungi. Inasemwa ni mimi. Nani mwingine huoga uchi? Mzee Ombati, mwenye tanuri, amenikataza kugusa udongo mpaka kesi ya kijiji isikizwe. Hakunitazama usoni.

Alhamisi, 6 Machi
Vijana wamepita mlangoni wakisema mtu kama mimi huchomwa. Nimefunga nguo zangu furushini. Nikikimbia, nimekubali kosa. Nikibaki, labda nitauawa. Naogopa. Nina hasira pia. Mwili huu wanaouchukia ndio umefyatua matofali ya nyumba zao.

Ijumaa, 7 Machi
Kesi imesikizwa hapo tanurini. Mzee wa kijiji aliniuliza, nikajibu ndiyo, huoga uchi. Watu wakaguna. Nikajua nimekwisha.

Ndipo akasimama Mama Moraa, mjane anayechuma chai ng'ambo ya mto.

"Huyu Mturkana nimemkuta majini mara nyingi," akasema. "Mgongo wake naujua kuliko wa marehemu mume wangu."

Walicheka, hata mzee wa kijiji. Mama Moraa hakucheka.

"Nikikohoa, huyu anazama kama chura. Yule mwingine, naye nimemwona, hata maji hayamgusi. Anangoja tukohoe ndipo asimame, atufungulie koti. Yeye anataka tuone. Huyu anataka kujitoa matope tu."

Wasichana wakaulizwa. Mmoja alisema, macho chini, kwamba yule alikuwa mkavu, na koti la mvua, uso ameufunika kwa kofia. Mbona hakusema mapema? Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wanaume walisikia tu "uchi" wakanitaja mimi.

Mzee wa kijiji akaniachilia. Nimefungua furushi langu.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato, hakuna kazi. Mzee Ombati ametoka kanisani akaniletea ndizi zilizopikwa, bado moto. Akasema Jumatatu tunapanga matofali tanurini. Hakuomba msamaha. Nimekula zote.

Yule wa koti hajapatikana. Wanawake sasa wanashuka wengi pamoja, na panga.

Jioni nilienda mtoni. Nikakaa juu ya jiwe na nguo zangu mwilini, muda mrefu. Niliona haya, mimi ambaye sijawahi. Mwishowe nikavua, nikaingia.

Kikohozi kikatoka migombani. Kirefu, cha makusudi. Nikazama.

Alikuwa Mama Moraa; wenzake walibaki juu njiani. Akajaza mtungi wake bila haraka.

"Osha na masikio, kijana wangu."

Nimeosha. Maji yalikuwa baridi. Asante, Mungu, kwa kifua cha yule mama na kikohozi chake.