Kifutu wa Katindiuka

Kaka Clinton,

Shikamoo. Huku mpunga umeanza kuchanua, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Mimi niko wodini hapa Ifakara. Kifutu aliniuma kidole cha mguu nikipalilia shambani Katindiuka.

Kaka, matundu mawili tu, lakini moto ulipanda hadi pajani! Nikamuuliza daktari, "Kaniuma kidole, mbona hata paja linauma?"

Akacheka, akanieleza. Kumbe sumu ya kifutu huila nyama, uvimbe ukapanda na mguu, na mishipa ya fahamu huko kote ikapeleka maumivu kwenye ubongo. Wako nyoka wengine wasioumiza sana, ila mtu huishiwa pumzi taratibu. Ulikuwa unajua?

Nikamuuliza pia kuhusu kamba aliyonifunga mama gotini.

"Ile ndiyo iliyozidisha madhara," akasema.

Vidole viwili vimekatwa.

Jana mama alikaa kitandani kwangu, akanishika mkono. "Mwanangu, ile kamba ilisaidia?"

"Ilisaidia sana, mama."

Ukimpigia simu, kaka, nawe mwambie hivyohivyo.

Mdogo wako,
Valeria