Fidla ya Kofi

Shubra, Kairo

Dada Inshirah,

Mlenda mkavu ulionitumia umefika, nao ulikuwa mtamu kweli.

Jana studioni tulitazama tamthilia ya Ramadhani ninayoitungia muziki. Mume anamzaba mkewe kofi, na mwongozaji Wagdi akaniambia, “Hapo, Rawya, nipe fidla tamu, watazamaji wamsamehe.”

“Nimpake asali mpiga wanawake?”

“Hasira za mapenzi hizo, bibie! Hata mkewe ataelewa.”

Katika yule mume wa tamthilia nilimwona mumeo, na lile jicho lako lililovimba ulilodai uliligonga mlangoni. Nikamwambia Wagdi atafute mtunzi mwingine, nikatoka.

Dada, usihangaike kunijibu. Panda treni uje, kitanda nimeshatandika.

Mdogo wako anayekungoja,
Rawya