Ulichora Jembe Likienda

Shangazi,

Shikamoo. Hapa Mugoma bado naitwa mwanafunzi wako, ingawa wengine wanalisema hilo kwa kubana midomo. Nakuandikia kwa sababu ya ile picha serikali iliyokuagiza uchore kwenye ukuta wa duka la kijiji: mwanamke anampa mhunzi jembe lililochakaa na sufuria iliyotoboka, vitengenezwe upya visitupwe. Mimi ndiye niliyekusagia masizi na udongo mwekundu. Watu waliitazama, kisha wakaenda kufukia sufuria zao migombani.

Usinikasirikie. Wifi yako naye, mama yangu, alifukia ya kwetu, na shimo nilichimba mimi. Tungefanyaje? Picha ya kwanza kuletwa hapa ilikuwa ya nyumba zilizopangwa mistari. Tuliisifu wee, na baada ya mavuno tukahamishwa, nyumba zetu za zamani zikabomolewa. Tangu hapo tukiona picha ya serikali tunahesabu tulichonacho.

Wewe ulisema tu, "Mwenye macho haambiwi tazama." Homa ikakuchukua na hasira yako, kabla hata jembe moja halijaletwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa kuna vita na Uganda. Vijana wameondoka, dukani hakuna jembe, na chumvi ni ya kubahatisha. Nilirudi kuitazama picha yako kwa shaka, kama ninavyomtazama kila mtu siku hizi. Ndipo nikaona kosa. Shangazi, ulichora jembe likienda, hukuchora likirudi. Mhunzi anapokea, basi. Hata mimi nisingempa.

Nikachanganya rangi. Pembeni nikamchora mwanamke yule yule, na kitambaa kile kile kichwani, analima kwa jembe jipya. Mama alikwenda kuitazama siku tatu. Siku ya nne akatoka migombani na sufuria imejaa udongo, akaipeleka. Wenzake wakamfuata, na sasa uani kwa mhunzi hakuna pa kukanyaga kwa majembe.

Taabu ikaanzia hapo. Katibu wa kijiji, ambaye ulipokuwa hai hakuwahi hata kuigeukia picha, sasa anaisifu kila asubuhi. Juzi aliniuliza lundo lile lina uzito gani. Jana akasema Alhamisi linakuja lori kuchukua chuma kwa ajili ya vita. Barua ya kuagiza hivyo hana. Nilimwuliza lori ni la nani, akacheka, akasema, "Wewe binti, chora tu." Pengine ni kweli. Kama askari wetu wana haja ya chuma, waje waseme, tutatoa, maana ni watoto wetu. Lakini kicheko kile sikukipenda, na mhunzi naye ananikwepa.

Watu hawa hawakumwamini katibu, Shangazi, wala mhunzi. Waliamini kile nilichochora, na sijalala vizuri tangu jana.

Alhamisi nitawahi uani kwa mhunzi, nikae juu ya majembe yale. Mama amesema tutakaa wote. Wewe pumzika. Ninakuahidi kila jembe litarudi kwa mwenyewe, na nikishindwa, nitaifuta picha kwa mikono yangu, nusu yangu na nusu yako, isije ikamdanganya mtu mwingine.

Binti wa kaka yako,
Anastazia