Betri ya Boti la Doria

Jumanne usiku

Taifa lijulishwe rasmi: leo kikosi chetu cha wanamaji kimeaga dizeli. Boti la doria sasa ni la umeme wa jua, na mimi, nahodha mwenye kitambi, nimepewa kofia mpya.

Lakini nina hasira! Bosi aliamuru spika za sherehe ziunganishwe kwenye betri ya boti.

"Bosi, itaisha."

"Wacha uoga, Mzee. Si jua liko?"

Jua gani, na mawingu yametanda tangu asubuhi?

Jioni Mama Akinyi, muuza samaki, akaja mbio analia. Mtumbwi wa mumewe umepinduka. Nikawasha boti. Kimya.

Ukweli ni kwamba wavuvi walipiga makasia wakamwokoa. Mimi nilikuwa gatini, nimeshika usukani.