Vipepeo wa Mama Feza

Ubundu, Jumamosi

Na kumbe walikuwa nyuma ya malewa, kibanda cha chakula ninapokula kila siku.

Asubuhi nzima nimezunguka msituni na kamera, mgongo bado unauma kwa pikipiki ya kutoka Kisangani, na hakuna kipepeo hata mmoja aliyetulia. Nilirudi na hasira. Niseme ukweli, nimeanza kuogopa kwamba jicho langu limechoka.

Mama Feza, mwenye malewa, alikuwa ameloweka makayabu tangu jana ili samaki wapungue chumvi. Akamwaga yale maji kwenye mchanga wa mto, akarudi kwenye sufuria zake. Jua likapiga pale.

Akaja mmoja mweupe. Halafu wa njano, wa kijani, wa buluu, mpaka mchanga haukuonekana tena. Walikuwa wanakunywa chumvi. Mabawa yote yalifunguka na kufungika pamoja, kama ardhi inapumua. Nilisahau kabisa kwamba nina kamera.

Bon, baadaye nililala kifudifudi kwenye matope yanayonuka samaki, nikapiga.

Hoteli iliyoagiza picha inataka msitu tu, bila watu, na maelezo mafupi chini. Nitaandika maji ya makayabu. Wakikataa, basi…

Nilimwonyesha Mama Feza kwenye kamera. Alifuta mikono, akainama kuangalia.

“Papa, iko hawa wenyewe unatafutaka?” akauliza. “Mi nawafukuzaka na fagio kila siku.”