Umekuja na Nani?

Dada Mwanahamisi,

Mara kadhaa nimeanza kukuandikia nikaishia kwenye salamu, maana sijui aliyezikwa mchangani anasalimiwaje. Leo naziruka. Nina hasira na nina furaha, zote zimenijaa kifuani, na wa kumwambia ni wewe tu.

Wodi ya wazazi imepakwa rangi. Kile kitanda kilichokuwa kikilia kila mama akigeuka wamekitoa. Tumeletewa daktari mpya, Daktari Elisante, kijana wa huko milimani kaskazini, mchapakazi kweli. Ameweka utaratibu: ndugu wa mgonjwa wote wabaki nje ya geti mpaka saa za kutazama wagonjwa. Wodi sasa ni safi, tena kimya, na kimya hicho kinanitia wasiwasi. Wewe uliyetufundisha kazi hii ulizoea kusema wodi ikinyamaza sana, nenda kaangalie nani anaogopa.

Juzi akaletwa Asha, binti wa kule delta, mimba yake ya kwanza. Walimtoa kwao kwa boti mpaka Nyamisati, kutoka hapo pikipiki, njia nzima matope. Alifika uso umevimba, miguu haiingii ndala, kichwa kinamgonga. Presha ilikuwa juu, ile tunayoiogopa, ya kuelekea kifafa cha mimba. Daktari akaagiza sindano, akaita gari la wagonjwa, akamwambia Asha ni lazima apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe, la sivyo tutampoteza yeye na mtoto. Alisema kweli tupu. Ila aliisema amesimama, macho yake kayakazia kwenye kipimo.

Asha akageukia ukutani.

Akaulizwa, unakubali? Kimya. Kichwa bado kinauma? Kimya. Mkono akauficha ndani ya kanga, Neema kabaki kashika sindano. Neema ni muuguzi mwenzangu, naye mgeni huku. Akapandisha sauti: "We dada, unataka kufa? Unatuchelewesha!" Daktari akasema, "Huyu ana kiburi." Gari lilishafika, linanguruma nje. Mimi na wewe tulishamwona mama akianza kutetemeka midomo, dada, tunajua kinachofuata.

Nikavuta kigoda chako kutoka chini ya meza ya dawa. Nikakaa, uso wangu ukawa chini ya wake, kama ulivyotuzoesha. Sikumuuliza una nini. Nikamuuliza swali lako.

"Mdogo wangu, umekuja na nani?"

Akanong'ona. "Nimekuja na kungwi wangu. Wamemzuia getini."

Daktari na Neema si wa huku, hawakujua. Lakini wewe unajua: mwanamke wa kwetu aliyechezwa ngoma ya unyago, kwenye uzazi wa kwanza, habari za mwili wake hamwambii mgeni kabla kungwi aliyemfunda hajakaa pembeni. Haya hiyo amefundishwa kuwa ndiyo heshima. Tumemfungia nje msemaji wake, kisha tunamwita mwenye kiburi!

Daktari akaanza habari ya utaratibu. Nikamwambia, "Daktari, muda huu tunaobishana ni wa Asha." Sikungoja jibu. Nilikwenda getini mwenyewe, mbio.

Bi Sauda nilimkuta ameketi juu ya furushi lake, tasbihi mkononi. Aliingia bila kutuangalia, akamwekea Asha kiganja kwenye paji la uso, wakasemezana Kindengereko. Kisha akatugeukia. "Dada yake huyu alipelekwa hukohuko mnakotaka kumpeleka. Karudi kafunikwa. Hatukwambiwa kilichomuua, hata neno moja. Sasa yeye anaona akipanda gari lile, ndo basi tena."

Hapo nampa Daktari haki yake. Alichuchumaa sakafuni na koti lake jeupe, akamweleza Bi Sauda taratibu: presha inafanya nini, sindano ni ya nini, watapasua wapi. Asha alisikiliza bado kauelekea ukuta. Halafu akamnong'oneza kungwi wake.

"Anauliza, atapona?"

Niliona Daktari anataka kusema ndiyo. Nikamuwahi. Nikasema, "Sijui, mdogo wangu. Ukibaki hapa naogopa sana. Ukienda, una nafasi. Ninachokijua ni kwamba sitakuacha njiani." Maneno si yangu, yako. Ulituambia tusimwahidi mgonjwa uzima, maana si wetu kuutoa, tumwahidi hatutamwacha.

Asha akautoa mkono kwenye kanga.

Nikapanda naye gari, Bi Sauda kando yetu. Njia yote nilikuwa nayatazama macho yake, kila gari likirukia shimo naomba Mungu mtikisiko ule usiwe degedege. Tukafika. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji muuguzi akanizuia. "Wewe ni nani wake?"

Mlango ule naujua. Ndipo waliponizuia siku yako ya mwisho. Nilikuleta mimi, nikaambiwa si ndugu, tena si saa za kutazama wagonjwa. Baadaye mama mmoja wa usafi ndiye aliyeniambia kwamba ulikuwa ukiuliza, "Zainabu yuko wapi?" Na hawakujua Zainabu ni nani. Wewe, uliyemuuliza kila mgonjwa amekuja na nani, hukupata hata mmoja wa kukuuliza. Hasira yangu ndiyo hiyo. Haijaisha, na sitaki iishe.

Kabla sijajibu, Asha akainua kichwa kwenye machela. Akasema mwenyewe, bila kungwi.

"Nimekuja naye."

Wakanipisha.

Amejifungua mtoto wa kike, mdogo mno, lakini analia kwa hasira kunishinda mimi. Presha ya Asha inashuka, bado wanamwangalia. Bi Sauda hatoki pale. Huku kwetu, mlinzi ameambiwa kungwi asizuiwe tena. Na jana nilimkuta Daktari Elisante kwenye kigoda chako, magoti yamemfika kidevuni, anamsikiliza mama mmoja wa Mbwara. Ungecheka mpaka ushike ukuta.

Nakuahidi, dada. Kila atakayefika mikononi mwangu nitamuuliza swali lako kwanza, na huyo atakayemtaja nitamfuata popote walipomzuia. Pumzika sasa. Na kama siku ile ulidhani uko peke yako, naomba ujue: ulikuja na mimi. Nilikaa nje ya mlango ule mpaka waliponiita kuja kukuchukua. Sikuondoka.

Zainabu