Shingo ya Gita la Prezida

Ruashi, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa uani, macho yameacha kuwasha na kikohozi kimekupa nafasi ya kunywa chai yako. Mama anaendeleaje na mguu? Mkiwa wazima ninyi, mimi nusu yangu ni nzima. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu nimezoea kukudanganya.

Rehema mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Soma yote. Usiruke mahali kwa kumhurumia.

Baba, Pasaka siji nyumbani. Nimelisema mapema ili usilisubiri mpaka mwisho wa karatasi. Sasa nikueleze.

Prezida unamjua kwa jina tu. Huku mwenye bendi huitwa hivyo. Ndiye aliyenisikia nikipiga kwenye ile harusi ya Kalemie, akasema solisti wake, mpiga gita la kuongoza, ameondoka, akanileta Lubumbashi. Wiki ya kwanza alichukua vitu vyangu viwili. Pasipoti aliichukua ili akaniombee viza ya kukaa. Gita langu la umeme, lile jeusi lenye shingo nyembamba na vyuma ishirini na vinne vya kukanyagia nyuzi, alilichukua kwa sababu halikumpendeza.

"Iko na sauti ya kitoto," alisema. "Bantu ba hoteli Karavia banazoea gita ya Ilunga. Utapiga ile."

Ilunga ndiye solisti aliyeondoka. Alivuka kwenda Zambia bila kuaga, na wakati huo sikujiuliza kwa nini. Gita lake ni mali ya bendi. Lina vyuma ishirini na kimoja, shingo nene, na mgongo wa shingo hiyo umepakwa vanishi nzito ambayo ukitoka jasho inanata kama sukari iliyoyeyuka. Nikitaka kuteleza kwenda juu, kiganja kinabaki nyuma. Na nikifika juu kabisa, pale dansi inapopamba moto na watu wanataka gita lipande, chuma kimekwisha. Wimbo umebaki, vidole vimebaki, pa kukanyaga hakuna.

Nilipomwambia, alijibu, "Ilunga alipiga nayo miaka saba. Mukono itazoea tu."

Mkono haukuzoea. Kidole gumba kilianza kufa ganzi, kisha maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi nilikuwa nashindwa kufunga kanga. Na wewe kwenye simu ukiniuliza "Vipi, mwanangu?" nasema mambo mazuri, Baba, tunapiga kila Jumamosi Karavia, watu wanatutuza. Kupiga tulipiga. Ila sikukuambia kwamba gari la bendi lilinichukua mlangoni na kunirudisha mlangoni, na siku nyingine zote nilikaa kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya Prezida hapa Ruashi. Kila nikiuliza pasipoti: "Iko mu kabati, iko salama. Usitembee-tembee bila makaratasi, batakukamata." Mwaka mmoja na nusu mji huu nimeuona kupitia dirisha la gari. Nimezijua ndege za uwanja wa Luano kwa mlio, na malori ya mgodini kwa vumbi lake. Wenye mji sikuwajua.

Jumamosi moja, kwenye harusi, mkono ulikaza katikati ya wimbo. Vidole vilijikunja, Baba, vikakataa kufunguka. Bwana harusi na bi harusi walikuwa wanacheza mbele yangu, nami nimesimama na gita lililonyamaza. Mpiga gita la ridhimu akaishika sehemu yangu kunifunika.

Jumatatu, yeye akiwa ametoka, nilifunga gita kwenye kitenge nikalipeleka kwa Papa Mutombo. Ni mzee wa mtaa huu huu, asili yake Kongolo, ambaye wapigaji wenzangu walikuwa wakimtaja. Alikuwa seremala wa reli kama baba yake, na tangu astaafu anatengeneza magita ya parokia na ya bendi. Nilimwomba aipige randa ile shingo, aipunguze, nikamsimulia langu lenye shingo nyembamba na vyuma ishirini na vinne.

Alilishika, akapitisha kidole gumba mgongoni, akaniuliza, "Hii gita iko ya nani?"

"Ya bendi."

"Donc haina yako, iko ya bendi. Siwezi kata kintu ya bantu bila benyewe kujua." Kisha akauangalia mkono wangu. "Lakini kaa. Funga macho."

Nilifumba. Akanipa magita matatu, moja baada ya jingine, nipige kidogo niseme lipi linanifaa. Nilikuwa na hakika nitachagua lenye shingo nyembamba kama langu. Nikachagua la pili. Nilipofumbua macho, la pili lilikuwa na shingo nene, karibu unene wa lile la Ilunga, na vyuma ishirini na viwili tu.

Papa Mutombo alicheka polepole. "Unaona? Unene haina kosa. Ya Ilunga iko na mabega, hapa na hapa, inasukuma kidole yako inje. Hii nayo iko na mugongo ya mviringo. Nani alikufundisha?"

Nikamwambia ni baba yangu, kwa gita kavu, lisilotumia umeme, lenye shingo nene ambalo kiganja chake kililisugua mpaka mbao ikawa laini kama sabuni.

"Njo vile," akasema. "Mukono yako ilikomalia pale. Na zile vyuma makumi mbili na ine, unazipiga zote?"

Nilifikiri, nikamjibu ukweli. Vile viwili vya mwisho nimevigusa labda mara tatu maishani. Lakini napenda kujua vipo. Nikipanda nikiwa na hakika kwamba njia haijakwisha, napiga bila woga hata huku chini. Niliposema hivyo nilijisikia nikiizungumzia pasipoti. Si kwamba kila siku nilitaka kuja nyumbani, Baba. Nilitaka niwe naweza. Nikamweleza mzee yote, hata yale niliyokuficha wewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akavaa koti lake la misa, akanisindikiza kwa Prezida kuomba ruhusa ya kuichonga shingo. Prezida alimheshimu, akampa kiti. Alipokataa, Papa Mutombo akasema kwa upole, "Bon. Basi umurudishie mutoto gita yake, na makaratasi yake."

"Juu ya nini?"

"Juu iko yake."

Prezida aliniangalia mimi, si yeye. Nikasema, "Naomba pasipoti yangu, Prezida." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Akaingia chumbani, akarudi nayo, akaiweka mezani. Nikaifungua palepale. Viza ile ya kuingilia iliisha mwaka jana, kabla mvua hazijaanza. Hakuna nyingine iliyogongwa. Hakuwa ameomba chochote.

"Tangu ile siku ulikuwa unangoja nini?" Papa Mutombo akamuuliza.

"Ilunga nilimufanyia makaratasi yote ya safari," Prezida akasema. "Alipoyapata, alikimbia." Alisema hivyo akitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu anayeogopa. Sikumhurumia. Labda siku nyingine.

Gita langu lilikuwa stoo, limelazwa juu ya spika chini ya mabati, nyuzi zimekazwa vilevile nilivyoziacha. Jua la mwaka mzima na unyevu wa mvua vimelikunja shingo. Papa Mutombo aliliinua, akafumba jicho moja, akalitazama kwa urefu kama anavyotazama ubao. Akalegeza nyuzi moja moja.

Prezida akaniambia, "Usipopiga Jumamosi, toka mu nyumba yangu. Utaenda wapi na pasipoti yenye kufa?"

Lilikuwa swali la haki, Baba. Nilikwenda chumbani nikafungasha nguo. Nilipotoka, Papa Mutombo alikuwa ananisubiri njiani, gita langu kwapani.

Sasa ninaishi kwake na mkewe, Mama Véronique, ambaye hataki nioshe vyombo mpaka gumba lipone. Maombi yangu yako ofisi ya uhamiaji. Kila Jumanne Papa ananisindikiza, na kila Jumanne tunaambiwa tungoje. Mpaka wamalize, mpakani siwezi kupita, na mbali na mtaa huu nisiende. Kwa hiyo nimetoka kwenye chumba kile, lakini bado nimefungiwa. Ukuta umesogea mbele kidogo tu. Shingo ya gita langu imebanwa kwenye meza ya seremala na mzee anairudisha kidogo kidogo. Anasema huenda ikanyooka, huenda isinyooke. Jumapili napiga kanisani kwa lile gita la pili. Ganzi imepungua.

Usimtume mjomba aje kunifuata, naye atakwama. Usiwaambie watu nimefungwa. Waambie ninangoja makaratasi, ndiyo kweli.

Nisalimieni mjomba fundi viatu, shangazi wa Ujiji anayeuza mawese, na mwalimu wa kwaya aliyenipa nafasi ya kwanza ya kupiga mbele za watu. Mama umwambie nakula vizuri. Mama Véronique hupika bukari nyingi, nayo ndiyo ugali wetu.

Nina ombi moja, Baba. Siku nitakayopiga simu nikasema mambo ni mazuri, usikubali mara moja. Kaa kimya kidogo, kisha niulize tena. Mara ya pili nitakujibu.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Anastazia